Mti Una Timazi Yake

Sisi wa ualimu tuna msemo tunaoupenda kupita kiasi. Hatumalizi semina moja bila mtu kusimama na kusema samaki mkunje angali mbichi. Baada ya hapo hufuata mfano wa mti: mtoto ni kama mche, usiponyooshwa mapema utapinda, na ukishapinda basi tena. Tunapiga makofi, tunaendelea na mada.

Mimi ni mzaliwa wa Usagara, pale njia panda ambapo barabara ya kutoka Mwanza inagawanyika, moja ikienda Misungwi na Shinyanga, nyingine ikienda Kigongo, Sengerema na Geita. Mwaka huu nimelazimika kuutetea mti uliopinda mbele ya kikao cha watu wazima, na katika kikao hichohicho nikasema mti ulionyooka ndio uondoke. Tangu siku hiyo ule mfano wa semina haunikai vizuri. Ngoja nieleze.

Kwanza tuanze na vitu ambavyo wewe msomaji unavipita kila siku. Mwanza ni mji wa mawe, na juu ya mawe hayo imeota mitini na mikuyu. Mbegu imedondoshwa na ndege ndani ya ufa, ikapata kiganja kimoja cha udongo, ikaota. Ukitoka geto asubuhi kukimbilia kipindi, simama dakika moja uangalie mmoja. Shina limetoka kwenye ufa kwa ubavu, kama mkono wa mtu anayepunga dirishani kwenye daladala. Kisha limekata kona, likaenda juu. Mizizi nayo imeteremka jiweni kama ukambaa, ikitafuta chini mpaka ikapata udongo. Hakuna aliyeunyoosha mti ule. Umejuaje juu ni wapi?

Kidato cha tatu wengi wetu tulikariri neno fototropizimu, tukalimwaga kwenye mtihani, tukaendelea na maisha. Lakini nyuma ya neno hilo kuna kisa kizuri. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walitoa kitabu juu ya mwendo wa mimea. Walichukua miche michanga ya nyasi, mingine wakaivisha vikofia visivyopitisha mwanga, mingine wakaiacha wazi, kisha wakaiwekea mwanga upande mmoja. Ile iliyoachwa wazi iliinamia mwanga. Yenye kofia ilibaki wima. Kumbe panapopinda ni shingoni, lakini panapoona mwanga ni kwenye ncha. Mwaka 1926 Mholanzi Frits Went akaenda mbele zaidi. Alikata ncha za miche ya oti, akaziweka juu ya vipande vya jeli, halafu akavichukua vile vipande na kuvibandika upande mmoja wa miche isiyo na ncha. Miche ikapinda, tena gizani, bila mwanga wowote. Kilichokuwa kimeingia kwenye jeli ni homoni, ile tuliyokuja kuiita oksini. Mwanga ukija upande mmoja, oksini hukusanyika upande wa kivuli, seli za huko zinarefuka kuliko za upande wa mwanga, na chipukizi linainama kuelekea mwangani. Yaani mti hauvutwi na jua. Unasukumwa na upande wake wenye giza.

Hilo ni swali la kwanza ambalo mti unajiuliza: mwanga uko wapi? Swali la pili ni: chini ni wapi? Mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight alifunga mbegu za maharage kwenye gurudumu lililozungushwa na maji ya kijito. Si unajua Hiace ikikata kona kwa kasi, wewe uliyekaa pembeni unahisi kutupwa nje? Mbegu zilihisi vilevile. Mizizi ikaota kuelekea nje ya gurudumu na machipukizi yakaota kuelekea katikati. Kwa mmea, "chini" ni kule unakohisi uzito unaelekea.

Na unahisi kwa kifaa ambacho kila fundi mwashi anacho. Fundi ana timazi, uzi wenye kichuma mwishoni, anauning'iniza kuona kama ukuta umesimama. Mti nao, ndani ya seli za ncha ya mzizi na seli za shina changa, una punje za wanga zilizo nzito kuliko majimaji yanayozizunguka. Ukiulaza mche, punje zinazama upande uliogeuka kuwa chini. Hapo seli inapata habari. Kwenye shina, upande wa chini unarefuka zaidi, kichwa kinainuka. Kwenye mzizi inakuwa kinyume chake, ncha inageukia ardhini. Fundi ana timazi moja. Mti una maelfu.

Sasa utaniuliza, huo ni mche, je shina nene kama pipa linapindaje? Haliwezi kurefusha seli zake za zamani, mbao ikishakomaa imekomaa. Linachofanya ni kuongeza mbao mpya, kila msimu tabaka moja, na mbao hiyo haiwi sawa pande zote. Miti ya majani mapana, kama mwembe, mkuyu na mkaratusi, inapoinama hutengeneza upande wa juu mbao ya kuvuta, inayojikaza kama kamba ya hema. Misonobari, ile paini ambayo mafundi wananunua kutoka Sao Hill, hufanya kinyume: hutengeneza upande wa chini mbao ya kusukuma, kama jeki chini ya gari. Waulize maseremala. Watakwambia kuna ubao unaununua umenyooka, unaulaza karakana usiku mmoja, asubuhi umejikunja. Wakati mwingine ubao huo umetoka kwenye mti uliokuwa umeinama, na bado unaendelea na kazi yake ya kuvuta.

Halafu kuna ujirani. Panda mikaratusi karibukaribu, kila mmoja utakimbilia juu kabla mwenzake hajauziba, matawi ya chini yatakosa mwanga na kudondoka, na baada ya miaka utapata nguzo za umeme. Panda mkaratusi wa aina hiyohiyo peke yake uwanjani, utatoa matawi mapana kuanzia chini. Mbegu ile ile, umbo tofauti, kwa sababu ya majirani.

Usagara iko karibu nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Jua letu linapita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwisho wa Septemba. Mwezi wa sita linapita upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili upande wa kusini. Kwa hiyo mti ulio peke yake mahali wazi hauna sababu ya kuegemea upande mmoja ukilifuata jua. Mwaka ukiisha pande zote zimepata zamu. Ukiona mti wa kwetu umelalia upande mmoja, uliza nani alikuwa amesimama upande wa pili.

Hapo ndipo nyumbani kwetu kunaingia.

Tangu Daraja la J. P. Magufuli, lile la Kigongo hadi Busisi, lifunguliwe Juni 2025, Usagara haikai. Magari ni mengi, viwanja vimepanda bei, na nyumba zinachomoza mahali palipokuwa na mahindi. Upande wa magharibi wa kiwanja chetu jirani amejenga nyumba nzuri ya bati la rangi. Na mwembe wetu umeinamia huko huko. Ni mwembe mkubwa, babu aliupanda kabla baba hajawa kijana. Shina linatoka ardhini likiwa limelala kuelekea magharibi mpaka urefu wa paa, kisha linakata kona na kwenda juu wima. Masika yalipokaribia jirani akaleta malalamiko kwa mwenyekiti wa kitongoji: mti ukatwe kabla haujamwangukia. Sikumlaumu. Kama ningekuwa nalala chini ya bati lile usiku wa mvua na upepo wa ziwani, ningeuangalia mwembe ule kwa jicho lile lile.

Lakini mwembe ule si mapambo. Msimu wa maembe mama anauza ndoo kwa ndoo pale njia panda, kwa abiria wa mabasi. Bumu linapochelewa, na mnajua linavyochelewa, ni maembe yale yanayonilipia geto. Mdogo wangu amenunuliwa sare za sekondari kwa maembe yale. Baba alikuwa ameshakubali kuukata ili kulinda ujirani. Mama hakusema kitu, na mama yangu asiposema kitu ujue amesema.

Nilipokuja likizo fupi nilimkuta babu amekaa kwenye kigoda chake. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa chini, nikamuuliza, "Babu, upande ule wa mashariki kulikuwa na nini zamani?"

Akacheka. "Wewe umejuaje kulikuwa na kitu?"

"Mwembe unasema."

Akaniambia. Kulikuwa na mkuyu mkubwa, wa tangu enzi za baba yake. Aliupanda mwembe pembeni yake bila kufikiria. Mkuyu ukafunika upande wote wa mashariki, mwembe ukakulia kwenye kivuli, ukawa unakimbia kuelekea magharibi kulikokuwa na uwazi. Kisha zikaja mvua za El Nino za 1997, mkuyu ukalala chini usiku mmoja. Baba alikuwepo akiwa kijana, lakini alikuwa ameshasahau. Mimi sikuwa nimezaliwa. Mti ndio uliokuwa umeandika. Sehemu iliyolala ni miaka ya kuukimbia mkuyu. Ile kona ni mwaka mkuyu ulipoanguka. Sehemu iliyo wima ni miaka yote iliyofuata, ambapo mwanga ulitoka pande zote na mwembe ukabaki kusikiliza timazi yake.

Kona ile ndiyo iliyonipa moyo. Mti ulioinama zamani, ukapata nafasi, hujirekebisha kichwa. Mti ulioinama juzi haujapata muda huo: unakuwa umenyooka kama rula kuanzia mguuni hadi ncha, ila rula yenyewe imelala. Huo ndio wa kuogopa, hasa kama ardhi upande wa nyuma imevimba au imepasuka. Maana yake si shina lililokua hivyo, ni mizizi inayoachia.

Nilipokuwa nazunguka nyuma ya jiko nikitafakari hayo, nikauona mkaratusi.

Baba aliupanda mwaka niliozaliwa. Tuna miaka 22 sote wawili. Nilipokuwa mdogo alinipima urefu kwenye shina lake mpaka uliponiacha mbali. Ni mti wa sifa, wageni wanausifia kwa kunyooka, na baba alikuwa ameutengea kazi ya kenchi siku atakapoezeka nyumba kubwa. Mwaka juzi ulichimbwa mtaro wa maji kandokando yake, mizizi ya upande mmoja ikakatwa. Sasa ulikuwa umenyooka vilevile, lakini kwa macho yangu ulikuwa umelegea kuelekea jikoni. Upande wa mtaro ardhi ilikuwa na ufa unaoingia kidole.

Macho hudanganya, kwa hiyo niliazima timazi kwa fundi anayejenga kwa jirani. Nikapima mita 2 kutoka ardhini kwenye kila mti, upande ulioinamia, nikaning'iniza uzi, nikapima umbali kutoka kichuma hadi shina pale chini. Mwembe: sentimita 61. Mkaratusi: sentimita 14. Nikaweka alama kwa msumari mdogo, nikarudi chuoni. Wiki tatu baadaye, mvua ya Pasaka ikiwa imenyesha vya kutosha, nikapanda gari Nyegezi, nikapita Buhongwa nikiwa na uzi mfukoni, nikapima tena palepale. Mwembe: sentimita 61. Mkaratusi: sentimita 19.

Kikao kilikaa Jumapili jioni: babu, baba, mama, jirani na mkewe, mwenyekiti wa kitongoji, na afisa misitu ambaye mwenyekiti alimwomba apite. Nilipewa nafasi ya kuongea kwa sababu baba alisema kwa utani, "Haya, mwalimu, tufundishe." Nikaongea Kiswahili cha kawaida, maana neno gravitropizimu halijawahi kumtuliza mtu mwenye bati jipya. Nikawaonyesha kona ya mwembe. Babu akasimulia mkuyu. Nikaning'iniza timazi mbele yao, jirani mwenyewe akasoma rula. Kisha nikasema kile nilichokuwa nakiogopa tangu nilipoliona lile 19: "Baba, samahani. Mti wa hatari ni ule wa nyuma."

Baba hakujibu. Alitembea hadi nyuma ya jiko, tukamfuata. Akaingiza kidole kwenye ufa. Afisa misitu akazunguka shina, akachimba kidogo kwa jembe upande wa mtaro, akatoa kipande cha mzizi kilichooza. Akaukagua na mwembe pia, akagonga shina akisikiliza kama lina uwazi, akatafuta mchwa na uyoga mguuni. Akasema mwembe ubaki, ila yakatwe matawi mawili yaliyo juu ya bati ili kupunguza uzito, na ukaguliwe kila mwaka. Mkaratusi uondoke wiki hiyo, tena kwa kamba, kwa sababu chini yake ndiko mama anakopikia na mdogo wangu anakosomea usiku.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilifurahi kwa ajili ya mama. Lakini siku ulipokatwa baba aliomba ruhusa ya kwenda Misungwi, akarudi jioni. Fundi alipopasua gogo, ubao ulijifungua wenyewe msumeno ukiwa bado ndani, ukapasuka ncha kwa mlio. "Mkaratusi una hasira," akasema. Ndivyo mikaratusi ilivyo, mbao ya nje imejikaza miaka yote, ukiifungua inaachia mkazo wake. Zilipatikana mbao chache za kenchi. Baba amezipanga kivulini, amezipandia mawe zisijikunje.

Nimekuwa nikiufikiria ule mfano wetu wa semina. Kwa kawaida tunautumia kumaanisha kwamba mwalimu ni mkono unaonyoosha, na kwamba aliyepita umri basi amepita. Nyumbani niliona kitu kingine. Hakuna aliyeunyoosha mwembe wetu. Kivuli kiliondoka, ukajigeuza wenyewe, ukiwa tayari mti mzima wenye shina gumu. Ulijigeuza polepole, kwa mbao mpya, tabaka moja kila msimu, na sehemu iliyolala haikufutika. Ndiyo inayoubeba mti mpaka leo. Na mti uliokuwa umenyooka tangu utoto haukuangushwa na umbo lake. Ulikatiwa mizizi, na kwa sababu juu ulikuwa mzuri, hakuna aliyeangalia chini.

Mwezi ujao tunakwenda BTP. Utakuta darasa lenye mwanafunzi anayekaa upande, hajibu, daftari lake limelala. Kabla hujamwita mzembe, uliza nani alisimama upande wa pili. Na kuna yule wa mbele, sare safi, majibu yote sahihi, ambaye mwezi huu ameanza kuja bila kula. Huyo nenda ukaangalie ardhi. Tena mwenzangu wa Baiolojia, usiingie kidato cha tatu na neno kubwa peke yake. Beba uzi na kichuma, watoe nje wapime miti ya shule, waulizane ule ulikuwa unakimbia nini. Ni somo la shilingi mia tano.

Nilipoongea na nyumbani juzi mama alisema mwembe umetoa maua, tena mwaka huu upande wa mashariki, pale mkaratusi ulipokuwa unaweka kivuli cha asubuhi. Jirani ameomba atengewe ndoo moja. Mama amemwambia atamuuzia kwa bei ya ujirani.